Chura wa Cape Town aliyejua mimba kabla ya daktari

Leo unanunua kipimo cha mimba dukani na baada ya dakika chache una jibu. Lakini hapa Uingereza, miaka ya 1940 na 1950, jibu hilo mara nyingi lilitoka kwa chura. Na chura mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka Afrika, kama wazee wetu.

Hebu turudi nyuma. Mwaka 1927 mwanasayansi Mwingereza, Lancelot Hogben, alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Cape Town. Huko akakutana na chura mwenye kucha, Xenopus laevis. Hogben alikuwa akichunguza pituitari, tezi ndogo kama harage iliyo chini ya ubongo. Alipowadunga vyura jike maji yaliyokamuliwa kutoka tezi hiyo ya ng'ombe, wakataga mayai.

Maana yake nini? Ovari haijiamulii yenyewe. Pituitari inatuma homoni mbili kwenye damu: FSH inayokuza yai, na LH inayolifanya litoke. Ovari nayo haikai kimya. Inatoa estrojeni na projesteroni, na hizo zinarudi kuiambia pituitari iongeze au ipunguze. Kila mwezi ni mazungumzo ya pande mbili.

Mimba ikiingia, anakuja msemaji wa tatu. Kondo changa linatoa hCG, homoni inayofanana sana na LH. Inaiambia ovari iendelee kutoa projesteroni, ndiyo maana hedhi inakatika. Nyingine inatoka na mkojo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Aschheim na Zondek wa Berlin walionyesha kwamba mkojo wa mjamzito unaamsha ovari za panya. Shida ni kwamba ilibidi panya auawe na kupasuliwa. Chura, wala! Unamdunga jioni, asubuhi ukikuta mayai, basi mama ana mimba. Chura anapumzishwa, anatumika tena.

Maelfu ya vyura hao walisafirishwa hadi maabara za Ulaya na Marekani, mpaka vipimo vya kingamwili vilipochukua nafasi yao miaka ya 1960. Kipimo kikaitwa cha Hogben. Lakini Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, waliokifanyia kazi palepale Cape Town miaka ya 1930, ni wachache wanaowataja.

Kwa nini tunaisimulia leo? Kwa sababu kwenye familia zetu mtoto akichelewa kidogo tu, macho yote yanamgeukia mke. "Kizazi chake kina shida," shangazi anasema, kesi imefungwa. Kumbe yai kutopevuka kunaweza kuanzia kwenye pituitari, au hata tezi ya shingoni, na ovari yenyewe ikawa nzima kabisa. Na mara nyingine tatizo liko kwa mume, ambaye hakuna aliyemuuliza. Hivyo kabla ya kumnyooshea mtu kidole, waende wote wawili wakapimwe.