Nasaba za Mahuru wa Rabai na Daftari za Karne ya 19

Mrabai wa asili akiulizwa nasaba yake hutaja mbari na kaya ya wazee wake, wala hahitaji karatasi. Jirani yake anayelima shamba la pili, ambaye babu zake walikuwa mahuru wa misheni, hutaja jina la Kikristo la babu mmoja au wawili, kisha husema, "Sisi ni Wanyasa," na hapo habari hukoma. Jamaa ya namna hii ikitaka kuijua asili yake haina budi kurudi kwenye daftari za karne ya 19. Jambo la kuchunguzwa ni kiasi gani neno lile moja, "Wanyasa," laweza kutegemewa.

Misheni ya C.M.S. ilianzishwa Rabai na Krapf na Rebmann mwaka 1846, na kwa muda wa karibu miaka thelathini wafuasi wake walikuwa wachache mno. Mambo yaligeuka baada ya mkataba wa mwaka 1873, ambao kwa huo Sultani Barghash alikataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi zilitaka mahali pa kuwateremsha watu. Ndipo ilipoanzishwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na baadhi ya watu hao wakakaa Rabai. Pamoja nao walikuwako waliorudi kutoka Bara Hindi, walikolelewa Nashik, kama William Jones aliyepewa ushemasi mwaka 1885. Kundi la tatu, nalo ni kubwa, ni la watoro waliokimbia mabwana zao. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki alikubali kuwalipa mabwana, na Januari 1, 1889, watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni za jirani wakapewa uhuru wao.

Mchunguzi akiyachanganya makundi haya atapotea mapema. Mtoro alikuwa na bwana wa kulipwa; kwa hiyo bwana akijulikana, huenda shamba likajulikana, na pengine wajoli wake pia. Aliyeteremshwa na manowari hana bwana wa kutajwa. Habari zake huanza katika barua za Konsuli, pamoja na jahazi lililokamatwa. Nyingi za barua hizo zimehifadhiwa London na Unguja, na nyaraka za C.M.S. ziko katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Mkulima wa Rabai aishiye maili chache kutoka kaburi la babu yake hana budi kuvuka bahari, au kumtuma mtu avuke, ili amsome babu huyo.

Na akimsoma, atasoma jina gani? Mtumwa alifika pwani na jina alilopewa na mamaye. Bwana akamwita Mabruki, au Feruzi, au Baraka, au Songoro. Padre akambatiza kwa jina la tatu. Mwanawe akalichukua hilo la tatu kuwa jina la ukoo, na kwa hiyo ukoo wote huonekana kana kwamba ulianza siku ya ubatizo. Jina la pili nalo halina msaada mkubwa, maana majina hayo ya baraka na vito yalitolewa kwa watumwa wa kila nchi.

Hubaki kabila, nalo ndilo lidanganyalo kuliko yote. Neno nyasa katika Kiyao maana yake ni ziwa tu, kama nyanja katika Kichewa. Kwa hiyo Mnyasa wa daftari ni "mtu wa ziwani," na chini ya jina hilo aliweza kuandikwa Mchewa, Mmang'anja au Mtumbuka, alimradi msafara wake ulitoka upande huo kwenda Kilwa. Karani aliuliza, mateka akajibu kwa neno alilozoea kuitwa pwani, au mkalimani akajibu badala yake. Kulitwaa jibu hilo kuwa nasaba ni kumfanya dalali wa watumwa kuwa mzee wa ukoo.

Bahati njema, uko ushahidi wa namna nyingine. Katika miaka ya 1850 Rebmann alianza kuandika maneno ya mtumwa mmoja aliyeletwa Mombasa, jina lake Salimini, na kamusi yao ya Kinyasa ilipigwa chapa mwaka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufa, kwa kazi ya Krapf. Jina la Salimini nalo ni la utumwani, wala halisemi lolote juu ya wazee wake. Lakini maneno aliyoyatamka hayakubadilishwa na bwana wala padre, nayo yaonyesha wazi lugha ambayo leo huitwa Kichewa.

Kwa hiyo jamaa ya Rabai inayojiita ya Kinyasa, ikiwa imehifadhi jina la mboga, au neno la kumwita nyanya, au maneno ya wimbo wa kutwangia ambayo hakuna ayafahamuye tena, imeshika ushahidi ulio bora kuliko safu ya kabila katika daftari. Tahadhari moja yahitajiwa: wengi waliotekwa walikuwa watoto, na neno lililobaki nyumbani laweza kuwa la mjoli aliyewalea, wala si la mama aliyewazaa. Neno moja halitoshi. Yakipatikana matano au sita ya lugha moja, ndipo panapofaa kuifungua kamusi ya Salimini na kulinganisha.