Panya, hamsta na saa iliyofichwa kichwani

Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuangalie saa ambayo hakuna mtu aliyeiandikia programu: ile iliyo ndani ya ubongo wa panya.

Mfungie panya gizani kwa wiki kadhaa. Bado ataamka, atakimbia kwenye gurudumu lake, kisha atalala, kila mzunguko ukichukua karibu saa 24. Ni kama kompyuta iliyokatiwa mtandao: saa yake ya betri inaendelea, ila pole pole inaachana na saa halisi. Swali lilikuwa, saa hiyo iko wapi?

Curt Richter wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliitafuta kwa miaka mingi. Aliondoa tezi moja baada ya nyingine, saa haikusimama. Kufikia 1967 alikuwa amegundua kwamba kinachoivuruga ni jeraha kwenye haipothalamasi, upande wa chini wa ubongo.

Mwaka 1972 makundi mawili yalifika mlangoni kwa pamoja. Friedrich Stephan na Irving Zucker, kule Berkeley, waliharibu viini viwili vidogo vilivyo juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana. Panya wakawa wanakunywa maji na kutembea ovyo, usiku na mchana. Robert Moore na Victor Eichler, kule Chicago, nao waliona homoni ya kotikosteroni ikipoteza mpangilio wake wa kila siku.

Je, kesi imekwisha? La hasha! Sisi watu wa programu twajua: ukichomoa waya na skrini ikazima, hujathibitisha kuwa picha hutengenezwa ndani ya waya. Huenda viini vile vilikuwa njia tu ya kupitisha habari.

Mwaka 1979 Wajapani Inouye na Kawamura walikata mawasiliano yote ya neva kati ya viini hivyo na sehemu nyingine za ubongo. Kwingineko mapigo ya kila siku yakapotea. Ndani ya kile kisiwa yakaendelea.

Kisha bahati ikabisha hodi. Mwaka 1988 Martin Ralph na Michael Menaker walitangaza hamsta mwenye saa ya haraka. Katika ukoo wake, waliorithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa na siku ya saa 20 hivi. Mwaka 1990 Ralph, Menaker na wenzao wakapandikiza viini hivyo kutoka kwa vijusi vya hamsta hadi kwa hamsta wazima walioharibiwa vya kwao. Mapigo yakarudi, na yalifuata saa ya mtoaji, si ya mpokeaji!

Hapo ndipo mabishano yalipokwisha. Kuharibu kulionyesha mahali pa kutazama. Kupandikiza ndiko kulikothibitisha. Chembe kama 20,000 tu, na mnyama mzima anazifuata.