Nyani wa Amboseli: shida za utotoni zinavyomfuata jike hadi ukubwani

Nyani jike aliyezaliwa mwaka wa ukame na kufiwa na mama mapema anaweza kukua, akazaa na kuonekana mzima kabisa. Lakini rekodi za watafiti wa Amboseli, kusini mwa Kenya, zinaonyesha kuwa deni la utotoni bado analilipa.

Nyani hao wamefuatiliwa tangu 1971, kizazi baada ya kizazi, kila mmoja akijulikana kwa sura. Mwaka 2016 Jenny Tung, Elizabeth Archie, Jeanne Altmann na Susan Alberts walitoa matokeo ya majike 196. Waliangalia ukame katika mwaka wa kwanza, msongamano kwenye kundi, cheo cha chini cha mama, upweke wa mama, kifo cha mama, na mdogo kuzaliwa upesi mno.

Waliokutana na shida tatu au zaidi walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko waliopata moja au kutopata kabisa. Miaka 10 si kitu kidogo kwa mnyama ambaye akivuka 20 tu tayari ni bibi kizee.

Tabia nazo zilibadilika. Majike hao walikuwa wapweke zaidi ukubwani. Kwa nyani, kuchambuana manyoya ndiyo urafiki wenyewe, na asiye na wa kumchambua yuko hatarini. Utafiti wa 2019 ukaongeza kuwa watoto wa jike aliyefiwa na mama mapema hufa zaidi wakiwa wadogo, hata kama wao wenyewe hawajafiwa na mtu.

Kwa binadamu mambo haya ni magumu kupima, maana umaskini, kazi na matibabu vyote vinaingiliana. Nyani havuti sigara wala haendi hospitali.

Mwili unatabiri, au unajiokoa tu?

Wanasayansi wa mageuzi wana maelezo mawili. La kwanza linasema mwili wa mtoto husoma mazingira na kujiandaa kwa maisha ya aina hiyohiyo. Aliyezaliwa kwenye njaa anajengwa kwa ajili ya njaa. Hoja hii hutajwa sana pamoja na njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945: waliokuwa tumboni wakati ule walikuja kuwa na shida zaidi ya sukari mwilini, yaani, wanasema watetezi wake, miili iliyojiandaa kwa uhaba ikakuta shibe.

La pili halina mbwembwe. Mtoto mwenye njaa anabana matumizi ili asife leo, na gharama itakuja baadaye. Hakuna utabiri wowote hapo.

Amboseli ilipata nafasi ya kuyapima maelezo hayo mwaka 2009, ukame mkali ulipopiga. Kama hoja ya utabiri ni sahihi, majike waliozaliwa kwenye ukame walipaswa kustahimili vizuri zaidi. Ikawa kinyume: uzazi wao ndio ulioporomoka zaidi. Waliozaliwa na mama wa cheo cha juu walikingwa kwa kiasi fulani. Matokeo hayo yalichapishwa 2015, na ni pigo kubwa kwa hoja ya utabiri, angalau kwa wanyama wanaoishi miaka mingi. Mvua ya mwaka mmoja haisemi lolote kuhusu mvua ya miaka 15 ijayo.

Sokwe wakubwa wa milimani nchini Rwanda, wanaofuatiliwa tangu Dian Fossey aweke kambi 1967, wana habari tofauti. Utafiti wa 2023 ulionyesha kuwa sokwe mchanga mwenye shida nyingi ana hatari kubwa ya kufa, lakini akishavuka miaka sita, maisha yake hayafupishwi. Chakula chao ni kingi mwaka mzima. Na mtoto akifiwa na mama, kundi humsogelea. Mara nyingi huishia kulala kwenye kiota cha dume kiongozi.