Ugali Mweupe Ni Mgeni Kwetu: Historia ya Sahani Yangu na PCOS

Leo tunaongea historia. Najua kuna mtu ameshapiga mwayo, lakini vumilia, kwa sababu historia yenyewe iko kwenye sahani yako saa hii.

Wanaonifuata wanajua nina PCOS. Kwa wageni, hii ni hali ya homoni inayotupata wanawake. Hedhi inapotea miezi mitatu, minne. Nywele zinaota kidevuni. Chunusi hazikuachi hata ukiwa mtu mzima. Uzito unakaa tumboni na hautoki, na kupata mimba kunaweza kuwa safari ndefu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii iko kwa asilimia 6 hadi 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao hawajui wanayo. Kwa hiyo usiseme "kwetu hakuna". Labda iko, ila haijapimwa.

Tangu mwaka jana nimepunguza wanga. Ugali kidogo, chapati mara moja moja, chai bila sukari. Nimepungua kilo saba kwa miezi minane na hedhi imeanza kukumbuka njia ya nyumbani. Njaa nimeizoea. Ambacho sijazoea ni maneno. Senge wangu aliniuliza mbele ya wageni kama siku hizi naona ugali wa mama ni mchafu. Wengine wanasema ninakula kizungu. Ati msichana wa Kipsigis hakatai kimnyet. Na kuna lile la chini chini, kwamba msichana anayejinyima chakula hataki kuolewa, kumbe mimi ninapunguza chakula hicho kwa sababu nataka siku moja nizae.

Hoja yao ni moja: ugali mweupe ni mila yetu, na ukiupunguza umeitupa mila. Sawa. Tuiweke hiyo hoja kwenye mizani ya historia.

Kabla ya mahindi

Mahindi si mmea wa Afrika. Asili yake ni Meksiko. Yalivuka bahari baada ya Wareno kufika pwani yetu, karne ya 16, na yalikaa pwani muda mrefu kabla ya kupanda bara. Huku kwetu juu, Kericho, Bomet, Sotik, nafaka ya wazee ilikuwa wimbi. Kimnyet ya kwanza ilikuwa nyeusi-nyekundu, ya wimbi, si ile nyeupe kama shuka la hospitali unayoijua wewe.

Lakini hata hiyo ya wimbi haikukaa mezani peke yake. Wakipsigis walikuwa watu wa ng'ombe kwanza. Maziwa yaligandishwa kwenye kibuyu, sotet, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, yakawa mursik. Ng'ombe alitolewa damu shingoni kwa mshale bila kuuawa, na damu ikachanganywa na maziwa. Kulikuwa na nyama, asali, na mboga chungu za porini kama isagek na managu. Mavuno ya wimbi yalikuja kwa msimu, na shamba la kupalilia kwa mkono halikupi gunia ishirini.

Sisemi wazee walikula "wanga kidogo" kwa kupenda. Wimbi nalo ni wanga, tusidanganyane, na kulikuwa na miaka ya njaa iliyoua watu. Ninachosema ni kwamba ule mlima mweupe katikati ya sahani, mara mbili kwa siku, kila siku ya mwaka, haukuwepo. Sasa ulitoka wapi?

Posho

Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilishambulia Sotik na kuondoka na maelfu ya ng'ombe. Hapo ujue maziwa na damu yameshaanza kupungua kwenye kibuyu. Kisha ardhi ikafuata. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya Kericho ilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walipanda kitani, mmea wa nyuzi za kufumia nguo. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 zikaja kampuni za chai. Brooke Bond walianza Kericho mwaka 1924, na James Finlay wakafuata. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikawahamisha Talai, ukoo wa viongozi wetu wa dini, hadi Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Hadi leo kuna watu wanaodai ardhi na fidia kwa mambo ya miaka hiyo.

Wafanyakazi wa mashamba hayo walipaswa kulishwa. Na ukitaka kulisha watu wengi kwa bei ya chini, chakula kisichooza haraka, kinachobebeka kwa gunia na kushibisha tumbo hadi jioni, utanunua unga wa mahindi. Hiyo ndiyo posho. Neno lenyewe linasema ukweli: posho ni mgao wa chakula unaopewa na mwenye kazi. Kule Uganda hadi leo wanauita ugali wenyewe posho. Chakula chetu cha mila kilipata jina kutoka kwa mgao wa kibarua!

Na kwa nini mweupe? Mahindi yana rangi nyingi: manjano, mekundu, hata ya madoadoa. Walowezi wa Kenya walikazania meupe kwa sababu soko la London la miaka ya 1920, hasa viwanda vya wanga, lililipa zaidi kwa mahindi meupe. Hakuna bibi yeyote wa Bomet aliyeulizwa rangi anayopenda.

Sasa msiniambie wazee wetu walikaa tu wakilishwa. Hapana. Wakipsigis walishika plau ya ng'ombe haraka, wakalima mahindi, wakajenga vinu vya maji kwenye mito yetu vya kusaga unga, na wakauza mahindi yao kwa mashamba ya chai. Walikuwa wajanja wa biashara na ninajivunia hilo. Kisha mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara ya H611, na mavuno ya nyanda za juu yakapanda kuliko zamani. Wimbi likasukumwa pembeni ya shamba, halafu likabaki la uji wa mtoto.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: ugali mweupe kama chakula kikuu cha kila siku hapa kwetu una umri wa karibu miaka mia. Ni mgeni aliyekaa sana hadi akapewa kiti cha mwenye nyumba. Ninamheshimu. Ila asiniambie yeye ndiye aliyejenga boma.

Na hiyo PCOS?

Wakati posho inagawiwa Kericho, mwaka 1935, madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika juu ya wanawake saba waliokuwa na ovari zenye vifuko vingi, hedhi iliyopotea, na baadhi yao nywele nyingi au unene. Kwa miaka mingi hali hii iliitwa kwa majina yao. Matibabu ya kwanza yalikuwa kisu, yaani kukata kipande cha ovari.

Ilichukua hadi mwaka 1980 kwa watafiti kuonyesha kwamba wanawake wenye hali hii wana insulini nyingi mno kwenye damu. Hapa sikiliza vizuri. Ukila wanga, unageuka sukari kwenye damu, na kongosho linatoa insulini ya kuiingiza sukari hiyo kwenye seli. Kwa wengi wetu wenye PCOS, seli zinaitikia insulini kwa uvivu, kwa hiyo kongosho linatoa zaidi na zaidi. Insulini hiyo ya ziada inaziambia ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Hapo ndipo ndevu, chunusi na hedhi iliyopotea vinapotoka. Ndiyo maana metformini, dawa ya kisukari, inaandikiwa pia watu wa PCOS. Na ndiyo maana kupunguza wanga kunaleta mantiki: unapunguza kazi ya insulini kutoka mlangoni.

Nitakuwa mkweli. Wazo la kupunguza wanga ili upungue uzito, katika umbo la kitabu, ni la kizungu kweli. Mwaka 1863 mtengeneza majeneza wa London, William Banting, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, viazi na bia. Sawa, senge, hapo umenipata. Lakini ona kichekesho: mzungu aliandika jinsi ya kupunguza wanga, na wazungu wengine wakatuletea gunia la wanga. Mimi nikichagua cha kwanza naitwa msaliti, nikibeba cha pili naitwa mwana wa nyumbani.

"Lakini Wakalenjin wanakimbia na ugali"

Hii naijibu kila wiki. Ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuata chakula cha wanariadha 10 wa Kikalenjin kwa siku 7, na asilimia 76.5 ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga. Moja ya tano ya nguvu yote ilitoka kwenye sukari tu. Na wanashinda dunia!

Lakini wale walikuwa wanakimbia asubuhi na jioni, na misuli yao inameza sukari kama moto unavyomeza kuni kavu. Hata mama aliyebeba kikapu cha majani chai mgongoni, akipanda na kushuka mistari tangu alfajiri, aliuchoma ugali wake kabla ya jua kutua. Mimi ninakaa na simu na kompyuta. Na hata huko shambani mashine za kuchuma zinachukua kazi ya mikono, jambo ambalo limeleta hasira hadi mashine zikachomwa moto Kericho mwaka 2023. Kazi iliyouhitaji ule mlima wa posho inaondoka, lakini mlima umebaki mezani.

Na tafadhali, usichukue hiyo aya kumwambia dada mwenye PCOS kwamba ni mvivu. Wako wembamba wenye PCOS. Wako wanaofanya kazi ngumu na bado wanayo. Hali hii haitokani na uvivu, na ugali haukuileta. Inaenda na ukoo, na sababu zake zote bado zinachunguzwa. Chakula ni mojawapo tu ya vitu tunavyoweza kushika kwa mkono.

Sahani yangu

Watu wanadhani hii ni ya matajiri wa Nairobi, lozi na samoni. Hapana. Sahani yangu ni hii: managu au isagek nusu sahani, mayai mawili au ndengu au omena au nyama ikiwepo, parachichi la uani, na ugali wa wimbi wa ukubwa wa ngumi yangu. Mursik isiyo na sukari. Chai ya maziwa, sukari hakuna. Sijaacha wanga kabisa na sina mpango huo. Nikienda harusini nakula chapati na sijutii.

Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unasema wazi kwamba hakuna mlo mmoja uliothibitishwa kushinda mingine yote. Kwa hiyo anayekuuzia "mlo wa kutibu PCOS siku 21" anataka pesa yako. Mlo bora ni ule wenye afya ambao utauweza mwaka mzima, na mimi huu nauweza kwa sababu vitu vyake vinatoka hapa hapa. Kama unatumia dawa za kisukari, una mimba, unanyonyesha, au umewahi kuwa na shida ya kujinyima chakula, usianze kabla ya kuongea na daktari. Hilo si pambo la maneno. Sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka.

Sasa kwa wazazi na masenge wetu, kwa heshima zote. Najua ugali mnaotupakulia ni upendo. Mlikua katika miaka ambayo sahani tupu ilikuwa kitisho cha kweli, na kumshibisha mtoto ndio ulikuwa ushindi. Ninaposema "kidogo tu, mama", siukatai upendo huo. Nipunguzieni ugali, mniongezee managu. Mursik mnijazie.

Na wewe dada uliyekaa miezi mitano bila hedhi ukiogopa kusema, nenda ukapimwe. Wakikuuliza kwa nini umepunguza kimnyet, waambie umerudi kwenye sahani ya zamani kidogo.