Mfanano na Udugu: Ulinganishi wa Lugha za Kondoa na Chemba katika Historia ya Isimu

Utangulizi

Kaskazini mwa mji wa Dodoma, katika wilaya za Kondoa na Chemba, lugha za nasaba mbalimbali zimekaa jirani kwa muda mrefu. Kirangi na Kigogo ni lugha za Kibantu. Kiburunge na Kialagwa ni za tawi la kusini la Kikushi. Kidatooga, lugha ya wafugaji, ni cha Kinilotiki. Kisandawe nacho, chenye vidoko, hakijapata jamaa ambaye wataalamu wote wanamkubali. Joseph Greenberg alipozigawa lugha za Afrika katika makundi makuu manne mwaka 1963, makundi yote manne yalikuwa na wawakilishi katika eneo hili. Makala haya yanajadili namna lugha hizo zilivyolinganishwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hoja yake ni kwamba ulinganishi ulioongozwa na sifa moja inayosikika upesi uliwatafutia Wasandawe jamaa wa mbali, na kwa kufanya hivyo ukaififisha historia yao ya ujirani.

Kidoko kama kitambulisho

Maelezo marefu ya mwanzo kuhusu Kisandawe ni ya Otto Dempwolff, daktari aliyehudumu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambaye kitabu chake Die Sandawe kilitoka mwaka 1916. Vidoko vya Kisandawe hutamkwa katika mahali patatu: kwenye meno, kwenye ufizi na ubavuni mwa ulimi. Kwa kuwa vidoko vilijulikana zaidi kusini mwa bara, Wasandawe walifikiriwa kuwa masalia ya watu wa kale wa aina moja na wawindaji wa Kalahari. Greenberg aliuimarisha mtazamo huo alipokiweka Kisandawe, pamoja na Kihadza cha bonde la Ziwa Eyasi, katika kundi la Kikhoisani.

Udhaifu wa hoja hiyo uko katika ushahidi wake. Kidoko ni sauti, na sauti huweza kuazimwa. Kizulu na Kixhosa ni lugha za Kibantu, lakini zina vidoko zilivyovipata kwa kuishi na wazungumzaji wa lugha nyingine. Kidahalo cha pwani ya Kenya kina vidoko, ilhali ni lugha ya Kikushi. Kama kidoko kingekuwa cheti cha ukoo, lugha hizo zingelazimika kuhama koo zao. Mwaka 1998 Bonny Sands aliyachunguza upya madai ya undugu kati ya lugha za vidoko za mashariki na za kusini, akaonyesha kuwa ushahidi uliotolewa haukutosha kuziunganisha zote. Tom Güldemann na Edward Elderkin, mwaka 2010, walirejea kwenye suala hilo kwa njia nyingine: walilinganisha viwakilishi na maumbo ya sarufi, wakapendekeza kwamba Kisandawe huenda kina uhusiano na familia ya Kikhoe. Pendekezo hilo bado linajadiliwa. Lililo muhimu ni kwamba limeacha kukitegemea kidoko chenyewe.

Toni na kipimo cha udugu

Tatizo hili si la Afrika pekee. Kichina cha Mandarini kina toni nne zinazotofautisha maana za maneno. Kilatvia, lugha ya Kibaltiki iliyo ndugu wa Kilithuania, kwa maelezo ya kimapokeo kina toni tatu katika silabi nzito. Hata hivyo, hakuna mwanaisimu anayezihesabu lugha hizo mbili kuwa ndugu. Kichina ni cha familia ya Kisino-Tibeti na nomino zake hazibadiliki kwa uhusika. Kilatvia ni cha familia ya Kihindi-Ulaya, na nomino zake hubadilika kwa jinsia, idadi na uhusika.

Kondoa inatoa mfano uleule kwa karibu zaidi. Kirangi na Kisandawe zote ni lugha za toni, wala hazina ukoo mmoja. Kiswahili kimepoteza toni na kinatumia mkazo, lakini ni ndugu wa Kirangi na Kigogo. Udugu huo unaonekana katika ngeli na katika mfuatano wa sauti unaojirudia: palipo na mtu na watu katika Kiswahili, Kigogo kina munhu na wanhu, na Kirangi kina muuntu na vaantu. Neno moja halithibitishi ukoo. Kinachothibitisha ni ulingano wa aina hii unapojitokeza kwa utaratibu katika msamiati na sarufi.

Ujirani unaoacha alama

Kuondoa mfanano katika ushahidi wa ukoo hakuufanyi mfanano huo kuwa bure. Katika lugha nyingi za Kibantu, kitenzi kisaidizi hutangulia kitenzi kikuu, kama katika Kiswahili: alikuwa analima. Katika baadhi ya nyakati zijazo za Kirangi, kitenzi kikuu hutangulia na kisaidizi hufuata. Mpangilio huo hugeuka tena katika miktadha fulani, ikiwemo vishazi rejeshi. Kimbugwe, jirani wa Kirangi upande wa kaskazini, nacho kina sifa hiyo. Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse, mwaka 2008, waliliita eneo hili la Bonde la Ufa eneo la kiisimu, yaani mahali ambapo lugha za koo tofauti zimefanana kwa kuishi pamoja. Hannah Gibson na Lutz Marten nao wamesisitiza kuwa mawasiliano na mabadiliko ya ndani ya Kirangi huweza kufanya kazi kwa pamoja.

Hitimisho

Ulinganishi wa kidoko uliuliza Wasandawe walitoka wapi. Ulinganishi wa kieneo unauliza waliishi na nani, walioana na nani, na nani alijifunza lugha ya nani. Swali la pili lina uzito kwa sababu masimulizi ya masalia humfanya mzungumzaji kuwa kumbukumbu ya watu wengine, ilhali sarufi za Kondoa na Chemba zinashuhudia kwamba majirani hawa wote wamekuwa watendaji wa historia yao. Ushahidi wa historia hiyo umo katika lugha zenyewe, na hutoweka familia zinapoacha kuzirithisha kwa watoto. Kwa hiyo kukusanya matini za Kisandawe, Kiburunge na Kialagwa ni kazi ya mwanahistoria kama ilivyo ya mwanaisimu.