Safu ya Lugha: Kuchomoka

Fundi wa baiskeli pale Sironga, Nyamira, akiubana mwiba kwa koleo na kuuvuta tairini, hewa hutoka fyuu. Mwiba umechomoka. Mzizi ni choma, yaani kudunga. Chomoa hugeuza tendo hilo kinyume. Chomoka ni kutoka ghafla pale kitu kilipokwama.

Ndivyo anavyotoka mwendeshaji wa baiskeli kwenye kundi katika mbio za siku nyingi.

Wengine husema "ametoroka". Hapana. Anayetoroka ni mahabusu, au mwanafunzi wa bweni. Huyu hana kosa, na mara nyingi ametumwa na timu yake. Mei 25, 2018, katika Giro d'Italia, mbio za baiskeli za Italia, timu ya Sky ilikaza mwendo kupanda mlima wa Colle delle Finestre hadi kundi likachanika. Hapo Chris Froome wa timu hiyo, mzaliwa wa Nairobi, akachomoka zikiwa zimebaki kilomita 80 hivi, akaukata upepo peke yake mpaka mwisho. Asubuhi alikuwa nyuma ya kiongozi kwa dakika 3 na ushei. Jioni alivaa jezi ya waridi ya kiongozi, na siku mbili baadaye akatwaa taji.

Watangazaji, "toroka" waachieni polisi.