Mbinu ya kuficha kiini cha simu
KILA simu ya Android iliyoko Masalani, kaunti ya Garissa, huendeshwa na kiini cha Linux, programu inayotawala kumbukumbu yote ya simu. Mdukuzi aliyegundua kasoro ndani ya kiini hicho bado huhitaji kujua anwani ya mahali kilipo.

Kwa hiyo toleo 3.14 la mwaka 2014 liliwezesha kiini kupakiwa mahali pa kubahatisha kila kompyuta iwashwapo; chipu za ARM, zinazotumika katika simu nyingi, zilifuata mwaka 2016.

Kinga hiyo, hata hivyo, ni nyembamba. Kiini huhamishwa kizima, hivyo anwani moja ikivuja, nyingine hupatikana kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa. Mwaka 2020 Kristen Accardi wa Intel alipendekeza vipande vyake vichanganywe kimoja kimoja, ingawa mashine ingechelewa kidogo kuwaka.